Nilibeba Kiti na Maneno ya Watu

Wadogo zangu munaoanza kazi,

Jirani yangu wa hapa Sake alinicheka sana siku nilipomuambia kwamba mimi sasa niko retreti. "Retreti gani hii? Muntu hana ata mvi moja!" Nikamujibu kwamba mvi zangu ziko ku muguu. Moto, pikipiki niliyopanda, iliteleza ku kiteremko kimoja nyuma ya mvua, ikaniangukia, na mufupa ulipoungana ulifuata njia yake wenyewe, haukuniuliza. Muguu huu unanifikisha sokoni na kanisani vizuri. Lakini milima ya Kingi, hapana. Na kazi yangu yote ilikuwa milima. Basi nimestaafu mbele ya kuzeeka, mbele ya kuolewa, na mbele ya kutimiza ndoto yangu ya kuvaa bluzi nyeupe ya uuguzi. Ndoto yenyewe bado ninayo. Ndoto haihitaji muguu.

Titulaire, mukuu wa kituo chetu cha afya, amenipigia simu. Amesema wanafunzi wanarudi tena, na ninyi wawili njo mutawapeleka ku mulima kama nilivyowapelekaka mimi. "Waandikie kidogo," akasema, "wasianze gizani." Ninaandika. Mambo ya mushahara nitayaruka, yangeisha mu mustari moja. Nitawaandikia yale ninayoyakumbuka nikikaa hapa mulangoni asubuhi, nikiangalia mawingu yanavyopanda kule juu bila mimi.

Kazi ilikuwa hivi. Kwetu, muuguzi yeyote tunamuita muganga, munajua. Shule moja ya uuguzi ya muji ilikuwa ikituletea waganga ambao tayari wana diploma, wamefanya kazi miaka, na wamerudi darasani kutafuta licence, ile digrii. Si watoto. Wengine walikuwa na ndevu, wengine walinyonyesha. Sehemu ya masomo yao ilikuwa kutunza watu wazima ku kituo kidogo na nyumbani kwao: tansiyo, ile presha ya damu, sukari, mugongo, kifua kisichopona, magonjwa ambayo muntu anaishi nayo miaka akilima, siyo yale yanayomuua wiki ile ile. Kila mwanafunzi, stajere, alipewa mugonjwa mumoja wa kumufuata mpaka mwisho wa staji, muda ule wa mazoezi ya kazi, kule kule nyumbani. Mwishoni mwalimu wao alipanda mulima kuangalia ile nyumba kwa macho yake.

Sasa, stajere wengi hawakujua Kihunde. Na wazee wetu, Kiswahili cha soko wanacho, lakini mukianza kuongea juu ya mwili wanarudi nyumbani, wanarudi mu Kihunde. Katikati pale njo palikuwa pangu. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, kisha vita ikaingia na shule yetu ikawa mahali pa watu kulala. Sikuendelea. Lakini mudomo ulikuwa unaendelea, hakuna aliyeusimamisha.

Siku ya kwanza nilikuta mwalimu wao mulangoni mwa kituo. Madame Espérance. Mwanamuke mufupi, bote za mvua ku miguu, na kipande cha muwa mu mukono. Yeye alipanda milima akitafuna muwa kama wengine wanavyosali rozari. Akanipa mufuko wa vifaa: aparei ya tansiyo ya kupampu kwa mukono, stetoskopi, mizani ndogo, dawa. Kisha akanipa kiti cha plastiki.

"Madame, na kiti iko ya kazi gani?"

"Utaibeba."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwa mugonjwa. Tansiyo ya muntu amesimama, ametoka kulima sasa hivi, ile si tansiyo, ile ni hasira ya mulima. Anakaa, anaegemea, miguu chini, ananyamaza kwanza. Kwa batu benyewe kuko vile vitabure tu, hakuna mahali pa kuegemea."

Basi nilibeba kiti ku kichwa, njia yote, na watoto nyuma yetu wakituita machifu, wakiimba: "Muganga anatembeaka na kiti yake sawa mwami!" Ninyi pia watawaimbia. Muzoee. Na muchague kiti chenye miguu minene, ile myembamba inazama mu matope pamoja na mugonjwa. Nimeona.

Njiani Madame alinipa sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa yangu: "Wewe ni bomba ya maji. Maji ikiingia muchafu, itoke muchafu." Nilifikiri ni maneno tu. Lakini kwa nyumba ya kwanza, bibi mumoja aliangalia viatu vya stajere wetu, raba nyeupe kabisa za muji, akasema kwa Kihunde kwamba mutoto huyu amevaa mayai, na kwamba atayapasua mbele ya kufika pa muhogo. Madame ananiangalia. Nikatafsiri yote, na mayai. Stajere akacheka mpaka akashika ukuta, bibi akacheka juu ya kumuona anacheka, na mukono wa kupimwa ukatoka wenyewe mu kikwembe. Tangu siku ile sikuogopa tena neno la muntu.

Sheria ya pili ilikuwa ya wanafunzi. "Musiulize muntu, 'Unakunywaka dawa?' Atasema ndiyo, juu ya heshima. Mumetoka mbali, mumelowa, atawaambia hapana namna gani? Museme, 'Nionyeshe.'" Aliisema ile ku kila kundi. Kila kundi lilitikisa kichwa. Nyuma yake wote waliuliza, "Unakunywaka dawa?"

Makundi yalikuja, yakaenda. Nilijifunza kufunga bande ya tansiyo bila kukunja kikwembe chini yake, nilijifunza kunyamaza wakati sindano ya aparei inashuka, nilijifunza majina ya Kifaransa ya vitu ambavyo mama yangu alizaa navyo bila kuvijua. Nikafika kuota kwamba siku moja nitakuwa mimi mwenye kukaa mbele, na muntu mwingine abebe kiti. Kisha akaja kaka Fiston, na hapo njo nataka tukae kidogo.

Kaka Fiston alikuwa amefanya kazi miaka mu hospitali ya watu wa risasi. Mikono mikubwa, sauti kubwa, kicheko kinafika mbele yake. Siku ya kwanza aliniambia wazi: "Dada, mimi damu tunajuana. Muntu akiletwa mu kipoyi, amelala, wanamubeba mabegani, najua pa kuanzia. Lakini muntu anakaa tu, anakula muhindi ya kuchoma, ananisalimia, unasema iko mugonjwa! Nimufanye nini?"

Madame alimusikia. Akatoa muwa mudomoni. "Ule wa kipoyi, Fiston, ni ule tulimuchelewea. Nenda kwa yule anayekula muhindi."

Akamupa Papa Bauma.

Papa Bauma alikuwa na mashamba ya maharagi na muhogo juu kabisa ya Kingi, pale ambapo ukitupa kibuyu kinashuka mpaka kwa jirani. Muimbaji wa bass kanisani. Alikuwa ameshuka ku kituo juu ya jino, titulaire akamupima tansiyo kwa bahati tu, akakuta kumi na nane kwa kumi na moja, pahali pa kumi na mbili kwa nane ya muntu muzima. Akapima mukono mwingine. Ile ile. Na yeye Papa Bauma haumwi kitu, anataka jino litoke arudi kulima.

Ndani ya nyumba yake, nyuma ya pazia, alilala yaya yake, kaka yake mukubwa, Papa Kalinda. Upande moja wa mwili ulikuwa umekufa tangu msimu uliopita. Alikuwa amekwenda ku sherehe ya mahari, akanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akalala muzima, akaamuka mudomo umekwenda pembeni na mukono hauinuki. Mulima wote ulisema neno moja: karuho. Sumu ile ya polepole. Munajua desturi yetu: anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele ya macho yako, kisha anakupa. Siku ile ya mahari, watu walisema, chungu kililetwa na hakuna aliyekiona kikionjwa. Tangu hapo Papa Bauma hakuweka kitu mudomoni ambacho muntu hajaonja mbele yake, hata maji ya mutoto wake mwenyewe.

Kaka Fiston alimupima Papa Kalinda kwa macho tu, pale penye pazia, na alipotoka inje aliniambia polepole: "Unaona? Tansiyo njo ilimuangusha ule. Na inamuona mudogo yake hapa, inakuja." Basi ile njo ilikuwa kazi yetu yote, wadogo zangu. Kile kilichomulaza yaya kilikuwa njiani kwa mudogo, na tulikuwa na staji moja ya kukisimamisha.

"Papa," kaka Fiston akasema, "mishipa yako imekaza sana."

"Mimi siumwi," Papa Bauma akajibu. "Leo nililima tangu asubuhi. Mugonjwa analimaka?"

"Na yaya yako alikuwa analima."

Nilitafsiri, na pale pakawa baridi. Papa Bauma aliangalia mikono yake. "Yaya walimupatia karuho."

Kaka Fiston hakubisha. Nikamupenda kidogo pale. Akasema tu: "Mimi sikukuwa ku ile sherehe, Papa. Niko hapa kwako. Kidonge kimoja kila asubuhi. Utakunywa?"

Muzee akaangalia kiti, akaangalia bote zetu, akaangalia kule chini tulikotoka. "Nitakunywa. Juu ya vile mumepanda na kiti."

Tukarudi wiki iliyofuata. Kumi na nane. Tukarudi tena. Kumi na nane, siku ingine kumi na nane na nusu. "Unakunywaka dawa, Papa?" "Ninakunywaka." Bibi yake, Mama Furaha, anatikisa kichwa: anakunywaka, kila asubuhi, mimi njo nampatia. Plaketi za vidonge zilikuwa tupu vizuri kabisa. Kaka Fiston akauliza juu ya chumvi. Wakapunguza chumvi, na Mama Furaha akanilaumu mimi niliyetafsiri: "Majani ya sombe bila chumvi, ile ni chakula ya mbuzi. Muambie muganga wako aje akule kwanza." Alikuja, akala, akamaliza sahani, akasema ni tamu. Nilitafsiri na uongo ule, kwani bomba ni bomba.

Titulaire na Madame wakakubali aongeze dawa, kidonge chenye nguvu mara mbili. Tukapanda tena. Kumi na saba. Ile siku ya kushuka kaka Fiston hakuimba. Tuliketi pa jiwe, akanunua muhindi ya kuchoma kwa mama mumoja wa njia, akanipa kubwa, akabakia na ndogo bila kuikula.

"Dada, nilitoaka risasi mu mwili ya batu. Unaiona, unaishika, unaitupa mu sahani, inalia. Hii kitu haionekane njo inanishinda."

Nilimuambia itashuka. Sikuwa na sababu ya kusema vile. Ilikuwa mvua imekatika, Sake inaonekana mbali kule chini na ziwa nyuma yake, na muntu mwenye moyo hawezi kukaa pale aseme haitashuka.

Wiki iliyofuata tulikuta kelele mbele ya kufika. Mama Furaha ameanguka mu maharagi. Alikuwa akipalilia, akasimama kunyoosha mugongo, akaenda chini kama gunia. Watu wamemulaza chini ya migomba, wanaume wanafunga kipoyi, na neno lilikuwa limekwisha kukimbia kila mudomo: karuho imerudi mu hii nyumba. Wengine walianza kutaja mujane mumoja jirani mwenye kuuza kasiksi. Munajua jina kama lile likitajwa linaishia wapi. Papa Bauma alikuwa amesimama, macho mekundu, panga mukononi, hajui amuangalie nani.

"Muache kipoyi kwanza!" kaka Fiston akasema. Nilitafsiri kwa sauti yake, kubwa. Akapiga magoti, akafunga bande ku mukono wa Mama Furaha, akapampu. Akasikiliza. Akapampu tena. Kisha akaniangalia kama muntu aliyekanyaga mahali anapofikiri kuna ngazi, kumbe hakuna.

"Tisa kwa tano. Iko chini sana. Muulize, leo amekula nini, amekunywa nini."

Mama Furaha alifungua macho. Alijibu kwa Kihunde, polepole, nami nikapitisha kama maji: "Anasema hajala kitu. Ameamuka, ameonja dawa ya bwana, ameenda ku shamba."

Kaka Fiston alinishika mukono. "Rudilia."

"Ameamuka, ameonja..." Na mimi mwenyewe nikasikia.

"Anaonjaka namna gani?" Kisha akajisimamisha. Alifunga macho kidogo, na nilijua ni sauti ya nani anaisikia. "Hapana. Mama, nionyeshe."

Wakamukalisha ku kiti chetu. Mutoto wa kike akaleta plaketi. Mama Furaha akatoa kidonge, akakiweka kati ya meno ya mbele, akakikata katikati, tak, kama mushonaji anavyokata uzi. Nusu akameza. Nusu akamunyooshea bwana yake, naye akaipokea kwa mikono miwili kwa heshima, vile alivyozoea.

"Njo vile kila siku?"

"Kila siku. Na ile ya nguvu mulileta, ninakataka vile vile." Alikuwa bado muchovu, lakini alikasirika kidogo. "Mulitaka nimupatie bila kuonja? Mimi si mulozi wa bwana yangu!"

Kisha mama mumoja nyuma akaanza kucheka, mwingine akafuata, na wanaume wakaacha zile kamba za kipoyi. Jina la yule mujane likaanguka chini pale pale, hakuna aliyeliokota. Nusu ya dawa ilikuwa ikipungukia mwenye tansiyo, na nusu ingine ilikuwa ikimuangusha asiye nayo. Wote tulikuwa tumekaa pale wiki zote, na wote tunajua kuonja. Kaka Fiston mwenyewe alinionjea maji njiani mara ngapi! Kitu unachokifanya kila siku hakikuiti ukiangalie.

Munafikiri iliishia pale. Hapana. Kaka Fiston akaeleza: Mama aache, kidonge ni cha Papa peke yake, kizima.

"Basi na mimi naacha," Papa Bauma akasema.

"Papa!"

"Si wewe nakuogopa, mwana. Wewe hautengenezaka dawa. Ule aliyeitengeneza unamujua? Ulikula naye ugali?"

Kaka Fiston hakuwa amekula naye. "Leta basi, nionje mimi!"

"Utakuja kila asubuhi? Utatoka ku kituo na giza, na kiti, kuja kuonja?"

Watu wakacheka tena, lakini Papa Bauma hakucheka. Kwake ilikuwa wazi: afe kwa mishipa isiyoonekana, ao afe kwa sumu aliyoiona ikimuangusha ndugu yake. Nani asingeogopa ile aliyoiona?

Hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Papa Kalinda. Mudomo ule uliokwenda pembeni ulitoa maneno yaliyovunjika, na muntu mumoja tu aliyasikia, Mama Furaha, aliyemulisha kila siku. Tukaingia wote. Maneno yakatembea kwa ngazi: yeye kwa shemeji yake, shemeji kwangu, mimi kwa kaka Fiston. Sijatafsiri vile tena mu maisha yangu.

"Anasema, muletee yeye aonje."

Papa Bauma akasema, "Yaya, hapana."

Yule mulalaji aliinua mukono unaoinuka. Mama Furaha akainama karibu kabisa. Akasikiliza, akaanza kulia na kucheka pamoja. "Anasema, huu upande moja waliisha kuua. Wakitaka na ule mwingine, wamalizie. Mudogo yake abakie, juu kuko maharagi ya kuvuna."

Kaka Fiston alisimama pale pazia likimugusa bega. Kisha akaniomba kiti. Tulimukalisha Papa Kalinda, watu wawili wakimushika, akanyamaza kidogo, akapimwa. Kumi na tisa. Tangu alipoanguka hakuna muganga aliyekuwa amemupima. Kwani karuho haipimwi. Wote walijua kilichomupata.

"Papa," kaka Fiston akamuambia, "wewe hautaonja. Wewe utakunywa. Yako, nzima."

Hakumupa siku ile. Alimujaribu kwanza maji kidogo kwa kijiko, kuona kama yanashuka vizuri, maana muntu aliyepooza mudomo, kidonge kinaweza kumukaba, ile muikumbuke. Alishuka kumuuliza Madame kipimo cha muntu ambaye tayari ameanguka mara moja. Akarudi kesho yake, siku isiyokuwa ya ziara, na mvua.

Na tangu hapo ikawa hivi. Asubuhi Mama Furaha alileta plaketi nyuma ya pazia. Papa Kalinda alikunywa chake. Papa Bauma aliketi mbele yake akiangalia shingo ya yaya mpaka aione inameza. Alingojea. Walizungumza mambo ya shamba, mumoja kwa maneno, mwingine kwa sauti zake. Akiona yaya bado anapumua na bado anamutukana juu ya kupanda muhogo mahali pabaya, naye alikunywa chake. Hakuna kitabu cha licence kilichoandika dawa ya namna ile. Kaka Fiston aliiandika ku ripoti yake. Madame akaisoma mara mbili, akakata kipande cha muwa, akampa nusu.

Tansiyo haikushuka kwa mbio. Ilishuka kama muzee anavyoshuka mulima, akisimama. Mpaka siku ya mwisho wa staji Madame alipopanda mwenyewe. Kumi na nne kwa nane. Mama Furaha alikuwa shambani, muzima, akituimbia kwa mbali. Madame akamuuliza Papa Bauma: "Huyu muganga amekufundisha nini?"

Papa Bauma akafikiri sana. "Hakunifundisha kitu. Alikuwa tu anakuja."

Kaka Fiston akaniangalia, uso umekauka. Alifikiri ameanguka mutihani. Madame akaandika, akafunga karatasi, akasema, "Inatosha kabisa."

Walimutuma Walikale, mbali, ku kituo ambacho ili upate rezo ya simu lazima upande kilima kingine. Alikuwa akinipigia. Aliniambia amenunua kiti cha plastiki chenye miguu minene. Aliniambia nijiandikishe ku shule ya uuguzi, kwamba mimi nina sikio. Mara ya mwisho alinipigia kunialika ku harusi yake. Nilifurahi. Alikuwa na sauti ya muntu mwenye furaha, nami nilifurahi. Nilitoka inje, nikaosha kiti.

Papa Kalinda alikufa mu majira ya mvua, kwa kifua, akiwa amekula msimu mwingine mzima wa maharagi ambao hakuna aliyefikiri ataula. Niliposikia nilipanda ku kilio peke yangu. Stajere walikuwa wamerudi shuleni, kundi lingine bado. Njia yote sikuwaza maiti, Mungu anisamehe. Niliwaza asubuhi ya kesho yake. Nani atameza kwanza? Papa Bauma alikuwa amesema ataacha, na ni muntu wa neno lake.

Watu walikuwa wengi inje, moto, mama wanaimba. Asubuhi Mama Furaha alitoka na plaketi. Macho yamevimba. Alisimama mbele ya bwana yake, akaangalia pale pazia lilipokuwa, akaangalia watu, na polepole akatoa kidonge akakipeleka kwa meno yake. Sikuinuka. Haikuwa nafasi yangu kuinuka.

Papa Bauma alinyoosha mukono. "Leta."

Alikiweka mu kiganja. Kitu kidogo sawa punje ya mutama, na mulima muzima unakiangalia. Alikaa nacho. Jogoo aliwika, mama wakaacha kuimba, mutoto mumoja akaambiwa anyamaze. Kisha akasema neno moja kwa Kihunde, akakitupa ndani, akameza bila maji, kikamukwama, akakohoa mpaka machozi, na wale mama waliokuwa wanalia wakaanza kumucheka na kumupiga mugongoni.

Mimi niligeuka, kwa mazoea tu, upande aliokuwa akisimama kaka Fiston, mudomo umekwisha kufunguka. "Anasema, yaya yake alimuonjea vya kutosha."

Pembeni yangu palikuwa na ukungu na njia inayoshuka. Niliyasema yote mpaka mwisho.